Wifi, Hata Umekufa Wanakusikiliza Wewe

Mpendwa wifi Salome,

Neno hilo la kwanza nimeliandika, nikalitazama, nikataka kulifuta, halafu nikaliacha. Nilikupenda kweli, na hakuna sheria inayomkataza mwenye wivu kupenda. Ila usitegemee barua laini. Ulaini ulikuwa kazi yako, mimi nilipewa mdomo.

Huu ni msimu wa pili tangu tukuzike hapa Mungaa, na nilidhani ukishalala utaniachia nafasi. Wapi! Watu wakigombania mpaka wa shamba, utasikia, "Salome angekuwepo." Kikundi chetu cha akina mama kikikwaruzana kidogo, "Angekuwepo Salome." Mimi nipo, wifi. Nimekaa hapo hapo katikati yao, nina akili zangu, na mara nyingi hilo jambo nimeshalisema wiki iliyopita kwa sauti ya kutosha. Hakuna anayekumbuka kwamba Mama Elia alisema. Nililetwa kijiji hiki kutoka Mwankoko nikiwa msichana, nimezeekea humu, na bado nashindana na marehemu.

Nakuandikia kwa sababu ya Elia. Elia wangu, uliyekuwa ukimwita "baba" tangu yuko mgongoni kwa kuwa alipewa jina la baba yenu. Nitafika huko. Kwanza nataka nikuambie yale niliyoshindwa kukuambia ukiwa hai, maana ungecheka, na ukishacheka mimi nilikuwa nashindwa kuendelea na hasira yangu.

Unamkumbuka yule binti wa jirani aliyepata mimba akiwa shuleni? Wanawake walianza kumkwepa bombani, wakawaita binti zao ndani akipita. Mimi nilisimama kwenye mkutano wa kikundi nikawapasha. Nikawaambia kumtenga mtoto wa watu ni unafiki, na kwamba wapo humu ndani walioingia kanisani siku ya ndoa tumbo likiwa limeshatangulia, wanadhani tumesahau. Kila neno lilikuwa kweli. Uliona ilivyokuwa. Waliniita mjuaji, wakanuna, na yule binti wakazidi kumkwepa kana kwamba ni yeye aliyenituma.

Wewe kwenye ule mkutano hukufungua mdomo. Ulikuwa umeinama unachambua majani ya mlenda. Kesho yake tukakuona umekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya akina binti yule, pale pale njia inapopita, umemwachia kichwa chako akusuke. Ulikaa mchana kutwa. Kila aliyepita alikusalimia, na akikusalimia wewe ilimbidi amsalimie na msusi. Alikuwa hajui kusuka, wifi, tuseme ukweli, mistari ilipinda kama njia ya mbuzi. Ulikwenda nayo kanisani Jumapili, umejishika shingo kwa madaha, unauliza watu kama umependeza. Baada ya hapo wakaanza kumwendea mmoja mmoja na vichwa vyao.

Hujui nilivyoumia. Tuliamini kitu kimoja, mimi na wewe, na mimi ndiye niliyetangulia kukisema. Sifa ukazichukua wewe na kichwa chako kibaya.

Halafu ikaja habari ya Mama Rehema. Hiyo nadhani ndiyo iliyonimaliza. Wakati ule sote tulikuwa tunauza kando ya barabara kuu, pale Ikungi, mimi na tenga langu la kuku wa kienyeji, ninyi na mafuta yenu ya alizeti. Mama Rehema akaanza kuchakachua. Alikuwa ananunua dumu la mafuta ya bei rahisi mjini, anamimina kwenye alizeti nusu kwa nusu, anajaza chupa, anawauzia abiria wa mabasi ambao wakishafika Dodoma hawarudi kulalamika. Mimi nilimfuata mezani kwake nikamwambia, "Mama Rehema, wewe ni mwizi, na unatuharibia jina la Singida nzima." Akanijibu nikauze kuku zangu zenye ugonjwa wa kideri. Kuku zangu hazikuwa na kideri. Tulirushiana maneno mpaka makondakta wakashuka kutazama.

Wewe ulingoja wiki hiyo iishe. Ukamwendea ukiwa na chupa tupu mkononi, ukamwamkia vizuri, ukauliza habari za watoto. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Ukamwambia, "Dada, mama yangu tumbo linamsumbua tangu juzi. Nataka nimpikie uji wenye mafuta kidogo. Nipimie hapo hapo kwenye dumu lako, nakuamini."

Ni hayo tu. Hukumkazia macho wala hukuguna. Mama Rehema alishika lile dumu, akaliinua, akalirudisha chini. Akasema hilo si zuri sana, ngoja nikupe ya nyumbani kesho. Ukasema haya, dada, nitangoja. Yale mafuta aliyokuletea kesho yake yalikuwa yananukia alizeti mpaka kuku wangu walinyoosha shingo, na lile dumu la mjini hatukuliona tena. Na mama mkwe wetu, Mungu ampe maisha, tumbo lake siku hizo lilikuwa linasaga hata mahindi ya kuchoma!

Nilirudi nyumbani kichwa kinauma. Nikamweleza kaka yako, nikitegemea atasema mke wangu, ulianza wewe. Akatafakari, akavuta kiti, akasema, "Dada yangu hamsemi mtu. Anamwachia nafasi ajiseme mwenyewe." Nikamuuliza, na mimi? Akasema, "Wewe Mama Elia unasema ukweli." Alivyolitamka neno ukweli ungedhani ni ugonjwa. Sikumpakulia usiku huo, alijipakulia mwenyewe.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu ulipokufa, maana sasa nina muda. Nimeona kwamba mtu akiambiwa amekosa, kosa lenyewe halimfikii haraka. Kinachomfikia kwanza ni mahali ulipomweka. Mimi nikisema, ninasimama upande huu na wale wote nawaweka upande ule, halafu nashangaa hawavuki kuja kwangu. Wewe ulikuwa unakwenda kukaa nao kabla hujasema kitu. Hayo nayaelewa, wifi, usidhani mimi mjinga. Ninachokuonea wivu ni kwamba wewe hukuwa umeyafikiria. Yalikuwa yanakutoka tu, kama watu wengine wanavyoimba bila kufundishwa. Mimi nikijaribu upole, uso wangu unanisaliti. Watu huniuliza kama naumwa jino.

Na uliwahi kunisema hata mimi, mara moja tu katika miaka yote. Tulikuwa tunapepeta alizeti uani kwenu, nimetoka kukusimulia ugomvi wangu na mtu fulani, nikaeleza tangu mwanzo hadi mwisho jinsi nilivyokuwa na haki. Ukapepeta, ukapepeta, makapi yakiruka, ukaniambia bila kuinua macho, "Wifi, huchoki kuwa sahihi?" Nikacheka. Ukacheka. Nilikwenda nyumbani na lile swali, nikalala nalo, na leo bado ninalo.

Sasa Elia.

Elia amekuwa kijana mkubwa, amepanga chumba Ikungi na ana meza yake barabarani, ile ile uliyomwachia wewe. Jumapili huja nyumbani kula. Julai hii, wakati wa ile baridi yetu ya upepo, aliniletea chupa ya mafuta kama kawaida yake. Asubuhi nikaichukua nikaange vitumbua, nikakuta nusu ya chupa imeganda nyeupe kama samli. Wifi, mimi na wewe tumekulia kwenye alizeti. Kwa baridi inaweza kuwa na ukungu kidogo, lakini haigandi nusu chupa; yanayoganda hivyo ni yale ya bei rahisi ya mjini. Alikosea dumu yule mtoto. Aliniletea mama yake chupa ya abiria.

Nilipanda bodaboda na vitumbua nikaviacha na unga wake. Nilivyomkuta nilimwambia yote, na mdomo wangu unaujua. Nilimwambia ni mwizi, nilimwambia ananiua, nilimwambia babu yake aliyempa jina anageuka kaburini. Alinisikiliza mikono mifukoni. Akasema, "Mama, kila mtu hapa anachakachua. Nisipofanya hivyo nitauza kwa bei gani?" Nikazidi kupandisha. Jumapili iliyofuata hakuja kula. Na iliyofuata hakuja.

Kaka yako alikaa mezani akatazama sahani ya mwanawe iliyofunikwa, akashusha pumzi. Nilijua kinachokuja. Nilitamani nimzibe mdomo na kitambaa cha meza. Akasema, "Shangazi yake angekuwepo..."

Usiku ule nililia, wifi, na si kwa ajili yako. Nililia kwa sababu mtoto nimembeba mimi, nimemnyonyesha mimi, nimemkimbiza zahanati na homa mimi, halafu mtu pekee anayeweza kumgeuza yuko chini ya udongo, na ameondoka na ufunguo. Nilikuchukia. Sasa nimekuambia. Nilikuchukia kwa kuwa ulimpenda mtoto wangu ukajua kumsema, na mimi nampenda kuliko wewe nisijue.

Basi nikafanya jambo ambalo ungelicheka mpaka ukae chini. Nikaamua kuwa wewe. Nilifanya mazoezi njiani, bodaboda akanigeukia akauliza, "Mama, unaongea na mimi?" Nikafika na chupa tupu. Nikalegeza uso. Nikasema kwa ile sauti yako, "Mwanangu, bibi yako tumbo linamsumbua. Nipimie hapo hapo kwenye dumu lako, nakuamini."

Elia akanitazama. Akaanza kutabasamu, na lile tabasamu ni lako, hilo nalo umeniibia.

"Mama," akasema, "hiyo si ya shangazi?"

"Ya shangazi gani?"

"Ya Mama Rehema. Shangazi mwenyewe alinisimulia." Akachukua chupa mkononi mwangu, akafungua lile dumu la kuchanganya, akanipimia mpaka juu bila kusita. Akafunga kifuniko. "Haya, mpelekee bibi. Hayaui haya, mjini ndiyo wanayokula kila siku."

Nilisimama pale na ile chupa. Nilijiona mjinga, nimevaa nguo ya mtu mwingine na kila mtu anaitambua. Na kwa chini kabisa, nisikufiche, kuna kaupande kalifurahi kwamba mbinu yako imegonga mwamba. Kalifurahi kidogo tu, halafu nikakumbuka ni mwanangu aliyeishinda.

Basi la kwanza la mchana likasimama. Elia akakimbilia madirishani na chupa mbili kila mkono, anapiga kelele, "Alizeti safi ya Singida, alizeti safi!" Mama mmoja wa dirishani, amebeba mtoto, akatoa mkono kupokea. Sijui ni nini kilichonitoa pale nilipokuwa. Nilikwenda nikasimama kando ya mwanangu, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, hii hii mnayoikimbia:

"Msinunue. Yamechakachuliwa."

Vichwa vikajitokeza madirishani. Elia akageuka, uso umemwiva.

"Huyu ni mwanangu," nikawaambia. "Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, hayupo mwingine. Mtu akitaka kutukana, anitukane mimi. Lakini mafuta haya msimpe mtoto huyo."

Yule mama akarudisha mkono ndani. Kondakta akaniambia shikamoo mama, sijui kwa heshima au kwa woga. Basi likaondoka. Likaja la pili, nikasimama tena nikasema vile vile, na la tatu. Baadhi ya wauzaji wenzake walikuwa wanapiga makofi na wengine wananitukana kwa Kinyaturu. Elia akanivuta pembeni, machozi yanamlengalenga, mwanamume mzima.

"Mama, unanifanyia nini? Unanivua nguo mbele za watu!"

"Najivua mimi. Wewe ni wangu, utajifichaje?"

"Shangazi asingenifanyia hivi!"

Unajua wifi, neno hilo nimelisikia kwa namna mia. Kila mara lilikuwa linanichoma. Siku ile lilinipita.

"Najua," nikamwambia. "Shangazi yako alikuwa na njia nzuri kuliko mimi, na nimeijaribu, na umenipimia chupa nimpelekee bibi yako. Shangazi amekufa, Elia. Nimebaki mimi."

Alikunja meza, akabeba madumu yake, akaondoka. Nilirudi nyumbani nikaimwaga ile chupa nyuma ya choo, nikakaa kwenye kigoda. Nilidhani nimempoteza. Nilikuwa nimesema ukweli kuliko siku zote za maisha yangu, na nyumba ilikuwa kimya.

Ukimya huo ulichukua muda. Tukikutana njiani shikamoo alikuwa anatoa, maana kwetu hata mwenye hasira hathubutu kuiacha, lakini alikuwa anaitoa huku anatazama ng'ombe wa watu. Kaka yako alikuwa hanilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama mkwe akaniambia kwa Kinyaturu maneno ambayo kwa Kiswahili hayatamkiki vizuri, ila maana yake ni kwamba mimi nimezaliwa nikiwa nimeshaamka. Sikujua kama ni sifa. Nilitaka kumwuliza, halafu nikaona nikiuliza anaweza kunieleza.

Elia akaanza tena kuuza hivi karibuni. Nilimwona kutoka kwenye tenga langu la kuku, ameweka meza upande wa pili wa barabara, mbali nami kwa makusudi. Hakunisalimia kwa karibu, akanipungia kidogo. Nikajiambia nisiende. Nikashika kuku mmoja mapajani ili nisinyanyuke.

Basi likasimama. Akateremka mzee mmoja, mtu wa mjini, ana miwani. Alichukua chupa, akaigeuza juani, akauliza kwa sauti, "Kijana, haya si yale ya kuchakachua? Nimeambiwa hapa Ikungi mnachakachua."

Elia hakuapa wala hakumwita Mungu kama wanavyofanya wenzake. Alinyoosha mkono kuelekea kwangu, ng'ambo ya barabara.

"Unamwona yule mama mwenye kuku? Ni mama yangu. Kama haya yangekuwa yamechanganywa, saa hizi angekuwa ameshakuambia."

Mzee akageuka, akanitazama. Makondakta wakanitazama, na Mama Rehema, na wote wanaojua mdomo wangu. Walikuwa wanangoja. Mimi nilijua kutoka kwa mwenye mashine ya kukamua kwamba ile ilikuwa alizeti tupu, gunia baada ya gunia. Nikamshika kuku wangu. Sikusema kitu.

Mzee akanunua chupa mbili. Basi lililofuata Elia akafanya vile vile, akanyoosha mkono, watu wakageuka, nikanyamaza, wakanunua. Mchana mzima nilifanya kazi hiyo ya kunyamaza, mimi, Mama Elia. Nyumbani kula bado hajarudi. Ila mkono wake alikuwa ananinyooshea mimi.

Nilitamani ungekuwepo uone, wifi. Na nilishukuru kwamba hukuwepo, maana ungekuwepo, angekunyooshea wewe.

Endelea kupumzika. Nitakuja kupalilia kaburi lako kabla ya mvua, na nikija sitaki maneno.

Mke wa kaka yako, anayekupenda na kukuonea wivu kwa kipimo kimoja,

Wifi yako,
Mama Elia